Maneno ya Iyunga kuhusu mionzi ya titi

Mwanamke wa Iyunga, Mbeya, akiambiwa na daktari kwamba baada ya upasuaji wa titi anatakiwa apigwe mionzi, kabla hajafika nyumbani majirani wameshamwambia yao. Maneno yanapita sokoni, kwenye bajaji, msibani, hata baada ya ibada. Mengi husemwa kwa huruma, na hapo ndipo ugumu ulipo: ni nani atamkatalia shangazi anayelia huku akikushika mkono? Lakini shangazi naye anaweza kukosea.

Neno la kwanza ni kubwa kuliko yote: "Mionzi inamaliza watu, aliyekwenda Ocean Road harudi." Lina chanzo chake. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na wagonjwa wengi nchini hufika wakiwa wamechelewa sana. Wapo wanaopewa mionzi kwa ajili ya kupunguza maumivu tu, kwa kuwa ugonjwa umeshasambaa. Huyo akifa, mtaa unakumbuka mionzi na kusahau miezi aliyokaa na uvimbe ndani ya kanga. Kwa aliyewahi na kutolewa uvimbe bila kukatwa titi lote, hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 2011 yalichapishwa mapitio ya tafiti 17 zilizohusu wanawake 10,801 wa aina hiyo. Kwa wasiopewa mionzi, ugonjwa ulirudi ndani ya miaka 10 kwa wanawake 35 katika kila 100. Kwa waliopewa, 19. Baada ya miaka 15, vifo vya saratani ya titi navyo vilikuwa vimepungua kwa waliopigwa mionzi.

"Akirudi asimbebe mjukuu, ana mionzi mwilini." Hapana. Mionzi ya titi kwa kawaida hutoka kwenye mashine iliyo nje ya mwili, iwe ile ya kobalti au zile mpya zinazotumia umeme. Inapita kama mwanga wa tochi: ukizima, hakuna kinachobaki ukutani. Bibi ambebe mjukuu, ale naye sahani moja, alale kitanda kimoja na mumewe. Ipo tiba nyingine ambamo chanzo cha mionzi huwekwa ndani ya mwili, na hiyo ina masharti yake. Huenda habari za hiyo ndizo zilizochanganywa na za hii.

Sasa ngozi, ambako maneno ni mengi zaidi. "Ameungua, dozi imemzidi, mrudisheni." Mabadiliko ya ngozi ni ya kutarajiwa na yana kalenda. Huanza wiki ya pili au ya tatu: ngozi inakuwa na joto, inawasha, inakaza. Vijitabu vingi vya ushauri viliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, vikamwambia mgonjwa atazame wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu unaweza usionekane kabisa. Unachoona ni weusi unaokolea, pengine wa zambarau au wa kijivu, kisha magamba madogo. Mgonjwa asingoje wekundu ndipo amwambie nesi.

Halafu kuna jambo linalowashtua ndugu kuliko yote. Ngozi haifiki kilele siku ya mwisho ya tiba. Hufika wiki moja au mbili baadaye, mgonjwa akiwa ameshashuka kwenye basi na kupokelewa kwa vigelegele. Anaondoka Dar akiwa na nafuu, anababuka akiwa Mbeya. Familia isiyojua itasema hospitali imemharibu, kumbe ni mwendo wa kawaida, na kwa wengi baada ya wiki chache ngozi huwa imejifunga. Panapochubuka na kutoa maji, hasa kwapani na chini ya titi, panahitaji kufungwa vizuri na muuguzi. Pakitoa usaha au harufu, au homa ikipanda, ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

"Asioge mpaka amalize." Ushauri huu uliwahi kutolewa hata na hospitali zenyewe, kwa hiyo tusiwacheke wanaoushikilia. Tafiti zilipolinganisha wanaooga na wasiooga, waliooga kwa maji na sabuni laini hawakupata madhara zaidi. Kwa mtu wa nyanda za juu anayekaa wiki kadhaa kwenye joto la Dar, kutooga ni mateso ya bure, na jasho chini ya titi huchubua ngozi. Aoge kwa maji ya uvuguvugu, asisugue kwa dodoki, ajikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini. Aache tu alama za wino alizochorewa na wataalamu wa mionzi, kwani ndizo zinazoonyesha pa kulenga. Na kwa kuwa bahari iko ng'ambo tu ya barabara pale Ocean Road, najua mgeni kutoka Mbeya atatamani kuionja. Aitazame. Maji ya chumvi kwenye ngozi iliyolainika hivyo yanauma.

Yupo anayeleta shubiri mwitu, mwingine dawa ya meno, mwingine majivu. Shubiri imejaribiwa kwenye tafiti na haikuishinda krimu ya kawaida isiyo na manukato. Dawa ya meno na majivu ni kuongeza kidonda juu ya kidonda. Mafuta ya kawaida apake kidogo, tena baada ya mionzi, asiende kwenye meza ya mionzi akiwa amejipaka tabaka nene. Lakini ninaloliogopa zaidi ni mkorogo wa kung'arisha ngozi. Mwanamke anaona upande mmoja wa kifua umekuwa mweusi kuliko mwingine, anaona aibu, na dukani yupo muuzaji mwenye kopo. Weusi huo hufifia taratibu kwa miezi, ingawa kwa wengine hubaki kiasi. Krimu zenye steroidi zipo ambazo daktari huandika kupunguza muwasho, kwa kipimo na kwa muda. Kopo la dukani halina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina mitego yake. Sweta la sufu likigusa ngozi hiyo linakwaruza, kwa hiyo ndani avae pamba laini, au kanga bila sidiria. Na asiote moto wa mkaa kifua kikiwa wazi.

"Anajilegeza, ameshazoea kuhudumiwa." Uchovu wa mionzi haufanani na ule wa shambani unaoisha kwa usingizi. Huongezeka kadiri wiki zinavyokwenda na unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya tiba, kwa wengine miezi. Wala si dalili kwamba ugonjwa umerudi. Linaloshangaza ni kwamba kulala kutwa hakuuondoi. Kutembea kidogo kila siku husaidia zaidi. Kupima damu ni vizuri pia, maana upungufu wa damu unaweza kujificha nyuma ya uchovu huohuo.

Mengine yanajibiwa haraka. Nywele za kichwani haziondolewi na mionzi ya titi. Aliyenyonyoka alipewa dawa za kemo. Kizazi hakifungwi na mionzi ya titi, ila mimba isiingie wakati wa tiba. Na "asile nyama, asile mayai" ni kumnyima vitu vya kujengea ngozi. Maharage, maziwa, mayai, samaki, parachichi: ale.

Mkono unahitaji maneno zaidi. "Asishike jembe wala ndoo tena maisha yake yote." Ni kweli kwamba aliyetolewa tezi za kwapani, kisha akapigwa mionzi hapo, anaweza kuvimba mkono, na uvimbe huo unaweza kuja hata baada ya miaka. Lakini kuufunga mkono kwenye kanga kunaukakamaza bega, na mkulima asiye na mkono ataishije? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa mazoezi ya kunyanyua vyuma wanawake ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba, wakianza na uzito mdogo na kupanda polepole. Uvimbe haukuongezeka kuliko kwa wenzao, na waliofanya mazoezi walizidiwa na uvimbe mara chache zaidi. Kwa hiyo aanze na jagi, aende kwenye ndoo ndogo, na gunia la viazi aliache kwanza. Avae glavu akipalilia. Mkono ukipata joto, ukavimba ghafla na homa ikaja, asisubiri kesho.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba kila hofu ni uzushi. Mionzi ya titi la kushoto inaweza kuugusa moyo, na madhara yake huonekana miaka mingi baadaye. Ndiyo maana wataalamu hupanga pembe za mionzi kwa uangalifu, na penye vifaa humwambia mgonjwa avute pumzi na kuibana ili moyo usogee mbali. Pafu nalo, kwa wachache, huvimba ndani, kwa kawaida kati ya mwezi 1 na 6 baada ya tiba: kikohozi kikavu, kuhema, homa kidogo. Hapo mtaani utasikia "kifua kikuu", na picha ya X-ray inaweza kuonyesha kivuli cha kuwachanganya hata waganga wa zahanati. Apimwe makohozi, ndiyo, kifua kikuu kipo. Lakini amwambie mganga kwamba alipigwa mionzi, upande gani na lini, kwa kuwa tiba ya hili ni tofauti kabisa. Ile karatasi ya hospitali yenye tarehe na dozi isifungiwe maandazi.

La mwisho nimelisikia kwa watu waliosoma: "Fulani alipigwa siku 15 tu, wamempunja, tiba kamili ni wiki tano." Tafiti kubwa za Uingereza ziliwafuatilia wanawake kwa miaka 10 na majibu yakatoka mwaka 2013: mara 15 kwa wiki tatu zilizuia ugonjwa sawa na mara 25 kwa wiki tano, na madhara kwenye titi yalikuwa machache zaidi. Si kila mgonjwa anafaa, wala si kila mashine. Ila kwa mtu anayelipia chumba Dar kila siku huku watoto wakiwa Iyunga, wiki mbili ni nauli na ni unga, na wengi wanaokatisha tiba hukatishwa na hayo, si na ngozi. Siku ya kupangiwa ratiba, kabla wino haujachorwa, amuulize daktari: kwa hali yangu, 15 zinatosha?