Logi kwanza, rimapu baadaye

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi ya kuandika programu ina majira yake, na Disemba kila mteja hukumbuka kwamba mradi wake ulipaswa kumalizika Juni. Lakini kuna jambo ambalo limekuwa likinikera tangu likizo, na leo nalitoa moyoni.

Wengi wenu mnajua nililelewa Mukuru kwa Reuben, na bado niko huku. Ukitoka kwetu unavuka tu unajikuta Industrial Area, kwenye gereji za Enterprise Road. Binamu yangu ni fundi wa jua kali hapo pembeni. Hana kibao wala risiti zilizochapishwa, ila ana wateja, na mmoja wao ana Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003. Aliinunua kwa mkopo wa sacco na anaitunza kama mtoto wa mwisho.

Jamaa huyo alienda kwenye gereji moja kubwa (sitaitaja) akafanyiwa rimapu, yaani kompyuta ya injini iliandikwa upya ili gari litoe nguvu zaidi. Wakamfungia pia vali ya kuongeza presha ya turbo. Akarudi mtaani akitabasamu, na gari likitoa mlio unaoamsha watoto. Kisha akamwambia binamu yangu, "Fundi, nikague tu oili na breki. Ijumaa napeleka familia Mombasa."

Binamu yangu akanipigia simu. Alichoogopa ni hiki: injini ikifa njiani, atakayelaumiwa ni aliyeigusa mwisho, na huyo ni yeye.

Sasa nieleze kitu kabla sijaendelea. Fundi akikuambia "injini imenoki", mara nyingi ana maana beringi zimekwisha na unasikia chuma kikigonga chuma. Noki ninayoizungumzia hapa ni nyingine. Ni pale petroli na hewa ndani ya silinda vinapolipuka vyenyewe, kabla moto ulioanzishwa na plagi haujavifikia. Ikirudiwa sana kwenye injini ya turbo, inavunja pistoni. Noki hii ya pili ndiyo huzaa ile ya kwanza, au mabaya zaidi.

Habari njema ni kwamba gari lenyewe linaisikiliza. Kuna sensa imefungwa kwenye mwili wa injini, kama maikrofoni ndogo. Ikisikia noki, kompyuta huchelewesha cheche ya plagi kwa digrii kadhaa. Subaru za miaka ile huenda mbali zaidi: zinakumbuka ni kwenye mzunguko gani na mzigo gani noki ilitokea, na zina alama moja ya jumla inayoonyesha kompyuta inaiamini petroli yako kiasi gani. Kwenye kompyuta za zamani alama hiyo huanzia 0 hadi 16. Kwenye zile za baadaye ni 0 hadi 1. Yote haya hufanyika bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi. Gari linajua, wewe hujui!

Kulisoma si uchawi. Kuna programu ya bure inayoitwa RomRaider, kodi yake iko wazi, imeandikwa kwa Java. Unahitaji laptopu na kebo ya USB inayoingia kwenye plagi iliyo chini ya usukani. Kile kidude cha Bluetooth chenye jina ELM327 kinachouzwa kila kona ya mjini ni kizuri kwa kusoma joto la injini na makosa, lakini vipimo vya kawaida vya OBD-II havikuonyeshi marekebisho ya noki. Kwa hayo lazima uongee na gari kwa lugha yake.

Angalizo moja kutoka kwa mtu wa kodi. Gari la 2003 linazungumza kwa kasi ya biti 4,800 kwa sekunde, polepole kuliko modemu za simu tulizozicheka. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inawasha mchanganyiko mara 200 kila sekunde. Ukipata mistari mitano ya logi kwa sekunde, kati ya mstari na mstari kumepita milipuko 40 ambayo hukuiona. Kwa hiyo usichague vipimo thelathini kwa sababu vipo. Chagua vichache: mizunguko, mzigo, presha ya turbo, joto la hewa inayoingia, na marekebisho ya noki pamoja na ile alama ya jumla.

Tukaiwekea WRX laptopu, tukazunguka nayo Nairobi. Matokeo? Safi kabisa. Alama ilikuwa 16, marekebisho sifuri. Mwenye gari akacheka: "Si niliwaambia?"

Mimi sikucheka, kwa sababu nimewahi kusema maneno hayo hayo. Kila mwandishi wa programu ameshawahi kumwambia mteja, "Lakini kwangu inafanya kazi." Kwako inafanya kazi, ndiyo. Kwake je?

Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ina presha ya takriban kilopaskali 83. Mombasa ni 101. Vali ya aina ile haijui mwinuko. Inashikilia presha ya ziada ile ile popote ulipo. Ukiweka baa 1, Nairobi injini inapata jumla ya baa 1.83 hivi, na Mombasa inapata 2. Hiyo ni karibu asilimia kumi zaidi, kwenye injini ambayo Mjapani aliipimia petroli ya oktani 100 hivi, na sisi tunaipa super ya 93. Halafu ongeza joto la Disemba. Gari linaposhuka kuelekea pwani linaingia kwenye sehemu za ramani ambazo Nairobi halikuwahi kuzifikia. Ni kodi ambayo haijawahi kuendeshwa hata mara moja, na leo inaendeshwa na mtoto akiwa kiti cha nyuma.

Nikaomba lifti hadi Voi, laptopu mapajani. Mnaijua ile barabara: malori yamepangana, na ukipata nafasi ya kupita unakanyaga mafuta hadi chini. Hadi Kibwezi kila kitu kilikuwa sawa. Baada ya Mtito Andei, tukipita lori la tatu, safu ya noki ikaacha kuwa sifuri. Lori la nne, tena, kwenye mizunguko ile ile. Kabla ya Voi kompyuta ilikuwa ikirudisha cheche zaidi ya digrii mbili kila tukikanyaga, na ile 16 ilikuwa imeanza kushuka. Ndani ya gari tulisikia nini? Hakuna. Muziki na egzosti tu.

Voi tukasimama. Binamu yangu akatuelekeza kwa simu jinsi ya kuilegeza ile vali, na mwenye gari akakubali kuendesha taratibu hadi apate petroli ya oktani 95. Mimi nikapanda basi kurudi. Alifika Mombasa, akarudi, na injini iko hai. Gereji iliyofanya rimapu ilipoulizwa ilisema gari liko sawa, walilijaribu. Nawaamini! Walilijaribu Nairobi.

Basi maoni yangu ni haya. Rimapu ni dai, na logi ndiyo ushahidi. Usilipe bila kupewa faili mbili, ya kabla na ya baada, na faili hizo ni mali yako kama risiti ilivyo yako. Na kama gari litaenda pwani, lipimwe likielekea pwani.

Kuna watakaosema fundi mzuri anatumia sikio. Naheshimu sikio. Binamu yangu hutambua beringi mbovu ya gurudumu gari likiwa bado linaingia getini. Lakini hakuna sikio linalosikia noki kwenye mizunguko 5,000 chini ya egzosti iliyotobolewa. Wengine watasema sensa nayo hudanganywa, na ni kweli: bati lililolegea chini ya gari linaweza kuonekana kama noki. Ndiyo maana mstari mmoja si ugonjwa. Tafuta kinachojirudia mahali pale pale, kama tulivyofanya sisi.

Mapenzi yetu ya Subaru yanatoka Safari Rally. Colin McRae alishinda hapa na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda nayo 2000, na mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 vijana walijaa Naivasha na magari yao ya bluu. Lakini timu zile hazikuendesha kwa kukisia. Kulikuwa na wahandisi waliokaa na data. Sisi tulichukua mlio na rangi, tukaacha laptopu.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye duka hapa kwa Reuben anaandika hata sukari ya kupima. Mtu mwenye injini ya mkopo wa miaka mitatu atashindwaje kuandika?

Na kwa mafundi wa jua kali: msiogope laptopu, ndiye wakili wenu. Siku mteja atakaporudi akipiga kelele, mtafungua faili ya tarehe ile na mazungumzo yatakuwa mafupi. Binamu yangu sasa hapokei gari la turbo bila kulisoma kwanza. Anahifadhi faili kwa namba ya gari, kwenye flashi diski iliyoning'inia kwenye funguo zake.

Wiki ijayo, kazi ikiniruhusu, nitaonyesha jinsi ya kuchora logi hizo kwa mistari michache ya Python. Kama una gari la turbo na unaishi Nakuru au Eldoret, kuliko na mwinuko zaidi yetu, niambie namba zako zinasemaje. Hadi hapo, endesheni salama.