Mipango Miji Dar es Salaam: Kiwango cha Jengo na Hatima ya Mpangaji

Wakazi wa Dar es Salaam bado hutaja Uzunguni, Uhindini na Uswahilini pasipo kukumbuka kuwa majina hayo yalikwenda sambamba na kanuni za serikali. Utawala wa Wajerumani uliugawa mji kwa kanda za ujenzi, na Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, kanuni za Waingereza hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya jengo. Ukanda wa kwanza ulitaka nyumba za Kizungu, wa pili nyumba za mawe za makazi na biashara, na wa tatu uliruhusu nyumba za udongo na makuti. Mwafrika hakuzuiwa kwa jina, bali kwa masharti ya ujenzi asiyoweza kuyamudu. Kati ya Kariakoo na katikati ya mji ukaachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja.

Historia hiyo inamhusu afisa wa umma wa leo, kwani kiwango cha ujenzi kinaweza kuhamisha watu bila kuwataja. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma na baraza mbele. Mara nyingi kila chumba kina kaya yake. Mthamini asiyeufahamu mfumo huo humwandika mmiliki mmoja na kuondoka.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinatambua thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, usafiri, pamoja na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Haki hizo, hata hivyo, humfuata mwenye ardhi. Mpangaji wa chumba, ambaye pengine ameishi hapo miaka ishirini, hufungasha na kuondoka.

Kwa sababu hiyo, Magomeni Kota inastahili kuangaliwa kwa makini. Kaya 644 zilizoondolewa kupisha ujenzi zilikuwa za wapangaji. Orodha yao ilihifadhiwa, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua makazi mapya ya ghorofa yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania, kaya hizo zikiwa walengwa wake. Kusubiri kulikuwa kurefu mno, takriban muongo mmoja. Lakini bila orodha ile kusingekuwa na wa kurejeshwa.

Kuijua jamii si jambo geni katika sheria za nchi. Sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 inataka kazi hiyo ifanyike kwa kuridhisha, kadiri inavyowezekana, jumuiya ya dini inayohusika. Ni ajabu kidogo kwamba marehemu ametazamwa kwa uangalifu huo kuliko mpangaji aliye hai.

Kumbukumbu inayohitajika si ya gharama kubwa. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake wanawafahamu wanaolala katika kila nyumba, mwenye nyumba na wapangaji wake. Majina hayo yakiandikwa na kuthibitishwa kabla mthamini hajafika, Halmashauri itajua inahamisha kaya ngapi.