Kiu ya Kenge Kizimbani

Waswahili humtaja kenge kuwa mnyama asiyesikia mpaka aone damu. Msemo huo ungewafaa zaidi wale wanaomfuga majumbani huko Marekani na Ulaya. Dalili za kiu ya mnyama wao huonekana mapema, lakini wao hutazama bakuli la maji tu, na wakiliona limejaa huridhika.

Anayefugwa zaidi ni kenge wa mbuga, ambaye wataalamu humwita Varanus exanthematicus. Kwa miaka mingi amesafirishwa kwa maelfu kutoka Ghana, Togo na Benin. Tanzania nayo iliwahi kuuza nje jamaa yake, kenge mwenye koo jeupe, kabla ya kusimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Jina la mbuga ndilo lililomponza. Mnunuzi hudhani kuwa mbuga ni jangwa, basi humtandikia mchanga mkavu, humwashia taa kali, na kumfunika kwa wavu. Hakumbuki kwamba mbuga ina masika yake, na kwamba hata wakati wa kiangazi chini ya ardhi kuna unyevu. Watafiti waliowachunguza makinda wa kenge huyu nchini Ghana waliwakuta wakijificha katika mashimo ya nyenje wakubwa. Kenge huota jua kwa muda, kisha hurudi shimoni, na humo ndimo anamopumua hewa isiyomkausha.

Kizimbani mambo hugeuka. Hewa yenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, ikipashwa hadi nyuzi 40 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 26 hivi. Hewa hiyo yenye kiu huyanyonya maji kutoka katika mapafu ya mnyama kwa kila pumzi, kisha hupaa na kutokea wavuni. Bakuli lililo pembeni haliwezi kufidia hasara ya namna hiyo, hasa wakati wa baridi ya kaskazini, ambapo nyumba nzima hupashwa joto na hewa yake huwa kavu tangu hapo.

Madhara yake huwa makubwa kwa sababu ya jinsi figo za kenge zinavyofanya kazi. Taka za naitrojeni huzitoa kwa umbo la asidi ya yuriki, ule uji mweupe kama chokaa. Njia hii huokoa maji, lakini mwili ukikaa na kiu kwa miezi, chembe za asidi hiyo huganda ndani ya figo, katika viungo, na hata kwenye utando unaouzunguka moyo. Huo ndio ugonjwa wa jongo. Aghalabu mwenyewe huutambua mnyama akiwa tayari hali chakula, na figo zilizokwisha kuharibika hazirudi. Ilhali alitangulia kuonyeshwa ngozi isiyoambuka vidoleni na mkiani, mate mazito, macho yaliyodidimia, na ule uji mweupe uliogeuka mgumu kama vijiwe.

Wako wanaojitetea kwamba humwogesha kenge wao katika beseni kila juma. Hilo si tiba. Ngozi yenye magamba haifyonzi maji ya kutosha; faida yote ni yale mafunda machache anayokunywa, kama hofu ya kushikwa haikumzuia kunywa. Kinachohitajika ni udongo unaoshikamana, wenye kina cha sentimita 60 au zaidi kwa kenge mzima, ili achimbe mwenyewe. Maji humwagwa yafike tabaka la chini, juu pakibaki pakavu, maana udongo uliorowa kote na kukosa hewa huozesha ngozi. Kifuniko nacho kiwe kizito, chenye matundu machache ya hewa, wala kisiwe wavu mtupu. Kizimba cha namna hiyo ni kizito na ghali kuliko mnyama mwenyewe, na muuzaji anayeficha jambo hilo anauza kifo cha polepole.

Kwa kenge wa mto Nili, yule mwogeleaji anayeonekana kandokando ya mito na maziwa ya Afrika Mashariki, gharama huzidi. Yeye hutaka birika la kuzamisha mwili mzima, naye hunya humo humo anamokunywa. Maji hayo hayana budi kubadilishwa kila siku, hata siku ambayo bwana wake amerudi kazini amechoka.