MACHO MAWILI HUPIMA UMBALI

Simama uwanjani kwako. Inua kidole gumba mbele ya uso, ukitazame pamoja na kilima cha mbali. Fumba jicho la kushoto. Sasa lifumbue, ufumbe la kulia. Kidole kimeruka! Kilima hakikuruka. Kitu cha karibu huhama sana, cha mbali huhama kidogo. Kwa tofauti hiyo akili yako hujua umbali.

Wapima ramani hutumia njia hiyo hiyo. Ndege hupiga picha mbili za mahali pamoja, kutoka sehemu mbili angani. Kompyuta hupima kila kitu kimehama kiasi gani. Hivyo hujua kimo cha vilima na kina cha mabonde. Kisha huweza kuchora bonde kama lingeonekana kutoka mahali ambapo kamera haikufika. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, ili ramani zitengenezwe.

Vilima vya Kasulu na Kibondo navyo vyaweza kupimwa hivyo. Lakini kumbukeni: kamera haioni chini ya migomba. Palipofichika, kompyuta hukisia. Wala haijui mpaka wa kijiji unapita wapi. Wanaojua ni ninyi na majirani zenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua mipaka ambayo vijiji jirani vimekubaliana.

Basi ramani ikiletwa mkutanoni, isomeni. Kijito kikikosekana, semeni kabla ya kutia sahihi.