Mzoeshe Mtoto wa Mbwa Mkono na Kamba

Hapa Songea mahindi yakianza kukomaa, nguruwe pori na ngedere huingia shambani. Mkulima anahitaji mbwa. Mbwa wa jirani yako amezaa, naye anakupa mtoto mmoja. Unamweka ndani ya kikapu na kumpeleka nyumbani.

Usiku ule mtoto wa mbwa analia mpaka asubuhi. Wewe hulali. Watoto hawalali. Kunapokucha unatafuta fimbo.

Weka fimbo chini. Kwanza tujiulize, kwa nini analia?

Jana alilala pamoja na mama yake na ndugu zake. Leo yuko peke yake, mahali asipopajua. Anaona baridi na anaogopa. Ukimchapa, ataogopa zaidi, na atajifunza kuukimbia mkono wako.

Usiku wa kwanza

Usimchukue mtoto wa mbwa kabla hajafikisha wiki 8. Chini ya umri huo bado anamhitaji mama yake. Siku ya kumchukua, omba kipande cha gunia walilolalia. Gunia hilo lina harufu ya mama yake. Mtandikie mahali pakavu pasipo na upepo, karibu na watu. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya Songea ni kali. Mwongezee gunia jingine.

Baada ya siku chache atazoea, na kilio kitapungua.

Chakula

Tumbo lake ni dogo. Mpe chakula kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Ugali laini uliochanganywa na dagaa waliopikwa unamfaa. Maji safi yawepo wakati wote.

Usimpe mahindi yaliyoota ukungu wala pumba zake. Ukungu huo unaweza kuwa na sumu inayoua mbwa, na hata watu. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumkwama kooni au kumtoboa utumbo.

Mpe jina fupi. Watu wote wa nyumbani watumie jina hilo hilo. Muite kila unapompa chakula. Atajifunza upesi kuja akiitwa.

Akiamka, na akimaliza kula, mtoe nje ajisaidie. Fukia kinyesi chake, kwa sababu minyoo ya mbwa huweza kuwaingia watoto. Muulize afisa mifugo dawa ya minyoo. Watoto wakimaliza kucheza naye, wanawe mikono kwa sabuni. Waambie wasimguse anapokula au anapolala.

Mkono na kamba

Sasa sikiliza jambo kubwa kuliko yote.

Kila siku mshike mtoto wa mbwa kwa upole. Mguse masikio, miguu na mgongo. Mfunge kamba laini shingoni kwa muda mfupi, utembee naye uani. Asipovuta, msifu. Usimwache amefungwa kutwa nzima.

Kazi hii ina faida gani? Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa utaiona. Wafugaji wengine hukaa nyumbani siku hiyo. Si kwamba hawataki chanjo. Mbwa wao hakamatiki! Hajawahi kushikwa, wala hajui kamba. Ukimsogelea anakimbia au anauma. Mwaka unapita bila chanjo.

Wengine humwacha mtoto wa mbwa nyumbani wakisema, "Huyu bado mdogo." Mpeleke. Mbwa mdogo naye huweza kupata kichaa, na jino lake dogo huweza kuleta kifo. Afisa mifugo ndiye atakayekueleza siku ya kurudia chanjo.

Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kuchezea. Dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara hufa. Wanaoumwa na mbwa mara nyingi ni watoto. Lakini wataalamu wanasema kwamba, kijijini wakichanjwa angalau mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo mbwa wako mmoja anahesabiwa. Anamlinda mtoto wako, na mtoto wa jirani pia.

Mtu akiumwa na mbwa, hata mbwa mdogo, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Usipake majivu wala mafuta. Akianza sindano, azimalize zote kama mganga wa hospitali anavyoagiza.

Ndugu msomaji, mbwa aliyepigwa tangu udogo humwogopa kila mtu. Mbwa aliyezoeshwa vizuri hujua kwao, hulinda shamba, na siku ya chanjo hufuata kamba. Anza leo, angali mdogo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mtoto wa mbwa hulia usiku wa kwanza?
2. Kijijini kwenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu?
3. Mtoto akiumwa na mbwa, utafanya nini kwanza?