Kilomita za Karatasi Hazifiki Makunduchi

Muuza mchele wa Darajani akikutwa na pishi pungufu, watu hawamwulizi habari za faida na hasara yake. Humwita mpunjaji, na dini zetu zote zimemkemea mtu wa namna hiyo. Lakini iko pishi nyingine pungufu ambayo tumeiridhia kwa miaka mingi bila ya kuihoji, nayo ni takwimu ya matumizi ya mafuta iandikwayo na kiwanda kwenye karatasi za gari. Karatasi husema kwamba gari hili laenda kilomita 10 kwa lita moja. Gari lenyewe likishashushwa bandarini Malindi, likatumwa Nungwi na kurudi, likakwama katika msongamano wa Darajani saa saba mchana, laenda kilomita 7. Zile 3 zimekwenda wapi?

Swali hili si la mafundi peke yao. Kisiwa chetu hakina kisima cha mafuta. Kila lita ichomwayo Unguja imevuka bahari na imelipiwa fedha za kigeni. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA, itangazapo bei za kila mwezi, mvuvi wa Mkokotoni na dereva wa daladala ya Bububu hutega masikio yao. Basi yapasa na sisi tulio katika utumishi wa umma tutege yetu, kwa kuwa mafuta tuyatumiayo wanayalipa wao.

Yafaa kwanza tufahamu takwimu hizo hupatikana vipi. Gari lipimwapo halitolewi barabarani. Hupandishwa juu ya mapipa ya chuma yazungukayo ndani ya chumba, likakimbia bila ya kusogea hata hatua moja, na dereva wake hufuata mstari aliochorewa: ondoka taratibu, kaza mwendo kidogo, simama. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Huko Japani, kipimo kilichoanza mwaka 1991, kiitwacho 10-15, kilichukua dakika 11 tu. Kilihesabu safari ya kilomita 4 na kidogo, kwa mwendo wa wastani usiofika kilomita 23 kwa saa na usiozidi 70. Injini ilikuwa imekwisha kupata moto kabla ya hesabu kuanza, na kiyoyozi kilizimwa. Mwaka 2011 ulilazimishwa utaratibu mwingine, JC08, na mwaka 2018 ukaanza kutumika ule wa kimataifa. Vipimo vipya ni vikali zaidi, lakini magari mengi tunayopishana nayo Mwanakwerekwe yalizaliwa enzi za vile vya zamani.

Atasema mtu kwamba mwendo wa kilomita 23 kwa saa ndio mwendo wetu hasa wa mjini, kwa hiyo kipimo hicho chatufaa. Hasha. Mwendo waweza kulingana na safari zisilingane. Chumbani hamna joto la Kaskazi, liwashalo kiyoyozi tangu asubuhi hadi jioni kati ya Disemba na Machi. Hamna madimbwi ya Masika. Hamna matuta ya Jozani, yaliyowekwa kwa haki kabisa ili kima punju wavuke salama, na ambayo kila moja humtaka dereva apunguze mwendo kisha aisukume tena tani mbili na zaidi ya chuma. Hamna keria juu ya paa, wala abiria saba na mizigo yao. Wala hamna safari fupi fupi za ofisi, kutoka Mazizini hadi Vuga na kurudi, ambazo humalizika kabla ya injini kupata moto sawasawa.

Wenzetu wa Ulaya wamelichunguza jambo hili kwa kina. Taasisi ya utafiti wa usafiri ijulikanayo kwa kifupi ICCT ililinganisha takwimu za viwanda na mafuta yaliyotumika barabarani. Mwaka 2001 tofauti ilikuwa takriban asilimia 9. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa imepanda hadi takriban asilimia 40. Madereva wa Ulaya hawakuharibika tabia katika miaka 14. Viwanda ndivyo vilivyojifunza kuushinda mtihani, mfano wa mwanafunzi akaririye majibu ya miaka iliyopita pasipo kulielewa somo. Walimu wasomao ukurasa huu wanamjua vyema mwanafunzi huyo. Mwaka 2017 Ulaya ilianzisha mtihani mpya, na maksi zikashuka. Hata hivyo, taarifa iliyotolewa mwaka 2024 na Kamisheni ya Umoja wa Ulaya, iliyotegemea vipimo vilivyomo ndani ya magari yenyewe, ilionyesha kwamba magari ya petroli na dizeli yaliyosajiliwa mwaka 2021 yalitumia takriban asilimia 20 zaidi ya yaliyoandikiwa.

Huko ni kuandika kwa kufuata sheria. Kuna na kuandika kwa hila. Mwezi Aprili mwaka 2016, kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilikiri kwamba takwimu za mafuta za baadhi ya magari yake madogo zilikuwa zimepambwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo Serikali ya Japani ilipima upya magari yake mengine, na miongoni mwa yale yaliyokutwa yakitumia zaidi ya yaliyotangazwa lilikuwamo Pajero, gari la njia mbaya linalofahamika sana katika Afrika Mashariki. Ikiwa Serikali yenye mafundi na maabara kama ile iliweza kupewa pishi pungufu, sisi tunaopokea karatasi tupu tuna kinga gani?

Nimeyataja magari ya njia mbaya kwa sababu maalumu. Gari dogo la kawaida likiandikiwa lita 5 kwa kila kilomita 100, likazidisha kwa asilimia 20, hasara ni lita 1. Lakini Land Cruiser ya kazi yenye injini ya dizeli ya silinda 8 iliandikiwa rasmi huko Australia lita 10.7 kwa kila kilomita 100. Ikizidisha kwa asilimia ileile 20, hasara ni lita 2 na zaidi. Uongo ni mmoja, lakini gharama yake ni maradufu. Tena magari haya yana uzito mkubwa, umbo la sanduku lipambanalo na upepo, na vyuma vingi vya kuzungusha magurudumu yote manne hata pale ambapo lami ni tambarare. Injini kubwa iungurumayo gari likiwa limesimama kivulini Mnazi Mmoja, ili bwana mkubwa atokapo mkutanini akute ndani kuna baridi, yaweza kula lita moja au zaidi kwa saa bila ya kwenda hata mita moja. Hesabu ya safari hiyo haimo katika karatasi yoyote ya kiwanda.

Sasa tutazame hasara hii huangukia nani. Tuchukue mfano wa ofisi ipangayo mafuta ya mkaguzi wa skuli kwa kufuata karatasi. Humpa lita 60 kwa wiki na kuandika kwamba atakwenda kilomita 600. Gari likienda kilomita 7 kwa lita, lita 60 humalizika kwenye kilomita 420. Zile kilomita 180 hazikatwi katika ziara za karibu. Mkaguzi ataanza na Kiembesamaki, kisha Tunguu, kisha Mahonda, na mafuta yatakwisha kabla ya zamu ya Makunduchi, Mtende na Matemwe. Mwalimu wa huko, aliyengoja aeleze uhaba wa madawati na vitabu, ataambiwa angoje wiki ijayo, na wiki ijayo hesabu itakuwa ileile. Hivyo karatasi iliyoandikwa ng'ambo huweza kuinyima haki skuli iliyo mwisho wa barabara, pasipo mtu yeyote kukusudia ubaya.

Wa pili kuumia ni dereva. Mafuta yakiisha kabla ya siku zake, mtu wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni yeye. Ataambiwa amefyonza tangi, ameuza madumu usiku, amekwenda safari zake mwenyewe. Pengine ni kweli, maana wezi wa mafuta wapo, na hatuna sababu ya kuwaficha. Lakini mahali ambapo hapana kipimo cha haki, mwizi na mwaminifu hufanana. Mwizi hujificha nyuma ya ule upungufu wa karatasi na kusema gari hili linakula. Mwaminifu naye husema maneno yaleyale, na haaminiwi. Ofisi isiyojua gari lake linakula kiasi gani haiwezi kumwadhibu wa kwanza wala kumlinda wa pili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twaweza kuongeza kwamba huondoka na heshima za watu wasio na hatia.

Nchi yetu imekwisha kupita katika shule ngumu ya mafuta. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne, na mwaka 1979 ikaruka tena wakati taifa limo katika vita dhidi ya Idi Amin. Wazee wetu wanakumbuka jinsi magari ya watu binafsi kule Bara yalivyozuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Hatua zile zilikuwa chungu, lakini zilitufunza kwamba lita moja ni mali ya taifa hata ikiwa katika tangi la mtu mmoja. Ni ajabu kwamba fundisho lile tulilipata wakati wa dhiki, na katika wakati wa nafuu tumeliacha lipotee.

Tiba yake haihitaji maabara wala mtaalamu wa kigeni. Jaza tangi mpaka juu katika kituo kimoja cha mafuta. Andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Fanya kazi zako za kawaida kwa wiki moja, kisha rudi kituo kilekile, ujaze tena mpaka juu. Gawa kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Zikiingia lita 45 baada ya kilomita 315, gari lako laenda kilomita 7 kwa lita, hata kama kiwanda kimeapa vinginevyo. Rudia mara tano au sita, Kaskazi na Masika, uchukue wastani. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hii, na ningependa walimu wampe aifanye.

Kila gari la Serikali lenye namba za SMZ lipewe kipimo chake hicho, kiandikwe katika daftari la safari na kitiwe saini na dereva pamoja na mkuu wake. Kipimo hicho kitatufaa kwa mambo matatu. Kwanza, bajeti ya mafuta itapangwa kwa ukweli wa kisiwa, ili skuli ya Mtende ihesabiwe sawa na ya Kiembesamaki. Pili, gari lililokuwa likienda kilomita 7 likianza kwenda 5 litajulikana mara moja, na ndipo tutakapouliza kwa haki: ni injini, ni upepo wa matairi, au ni mkono wa mtu? Tatu, tutakaponunua gari jingine tutakuwa na ushahidi wetu wenyewe mezani.

Jambo hili la tatu ndilo zito. Wapo wasemao kwamba kazi za Serikali haziwezekani bila ya magari makubwa. Kwa baadhi ya kazi wanasema kweli. Bwana mifugo aingiaye uwandani kwenye mawe, mhandisi wa maji na mlinzi wa misitu wanahitaji gari lenye nguvu, na kuwanyima ni kuihujumu kazi. Lakini kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi, na barabara zake kuu zote zina lami. Ofisa ambaye safari zake zote ni kati ya Vuga, Maisara na Chukwani hana mto wa kuvuka wala mlima wa kupanda. Akipewa shangingi, lile gari halimsaidii kufika, kwa sababu angefika na gari dogo kwa nusu ya mafuta. Humsaidia kuonekana tu. Tena Mji Mkongwe hautazami cheo: vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya watembeao kwa miguu, na mwenye gari kubwa na mwenye baiskeli wote hushuka wakatembea.

Nchi iliyotangaza siasa ya kujitegemea mwaka 1967 haiwezi kuona haya kupima lita zake. Fedha za kuanzia hazihitajiki. Mfano ni huu: gari moja liendalo kilomita 20,000 kwa mwaka, kwa hesabu ya kilomita 10 kwa lita, lahitaji lita 2,000. Kwa kilomita 7, lahitaji lita 2,857. Ofisi yenye magari 10 ya namna hiyo itajikuta na pengo la lita 8,570, na kama lita ni shilingi 3,000, pengo hilo ni zaidi ya shilingi milioni 25. Fedha hizo hununua madawati mengi.

Wakuu wa idara na walimu wakuu wasingoje waraka. Kesho asubuhi, kabla gari halijaondoka, daftari jipya lifunguliwe na namba ya kwanza iandikwe. Muuza mchele twamtaka pishi kamili. Hatuna budi kuidai na kwa karatasi ya gari.