Kopo Chini ya Trekta

Katika viunga vya Dar es Salaam trekta dogo limekwisha kuwa chombo cha kila siku. Lipo Chamazi na Toangoma upande wa Temeke. Lipo Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni. Mvua zikinyesha hulima mashamba ya mihogo na mahindi ambayo bado hayajamezwa na nyumba. Mvua zikikatika huvuta tela la mchanga, la matofali au la maji. Jioni, linapoegeshwa, mara nyingi huonekana chini yake kopo la rangi lililotupwa na mafundi wa nyumba. Kopo hilo limetegwa kukinga mafuta yanayodondoka. Asubuhi dereva huyarudisha mafuta hayo tangini, pamoja na mchanga na wadudu walioingia usiku, huwasha mashine, na huenda zake kutafuta hesabu ya siku.

Kuvuja ni jambo la kawaida kwa mashine yoyote yenye mafuta. Kisichostahili kuzoeleka ni kopo. Kopo lina maana kwamba wahusika wameuona uvujaji, wameuzungumza, na wamekata shauri la kuishi nao.

Mafuta yanayozungumzwa hapa ni yale ya mtambo wa haidroliki, ambao hutumia nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na pampu kunyanyua plau, kuinua tela la kumwaga mchanga na, katika baadhi ya matrekta, kuulainisha usukani. Wengi hudhani kwamba mtambo huo ukidhoofika hasara ni plau kuchelewa kunyanyuka tu. Dhana hiyo ni ya hatari. Katika matrekta mengi madogo mafuta ya haidroliki na mafuta ya gia ni yale yale, nayo hukaa katika kasha la gia lenyewe. Katika baadhi yao hata breki zimo humo humo, zikipoozwa na mafuta hayo. Kwa hiyo mtu anayeacha silinda ya plau ivuje huwa anakausha gia bila kujua, na siku gia zitakapolia, hakuna fundi wa Tandika wala wa Keko atakayemtoza bei ya pete ya mpira.

Hesabu ya hasara yenyewe haihitaji mtaalamu. Matone ishirini hufanya mililita moja hivi. Tone moja kwa kila sekunde, kwa saa 8 za kazi, ni karibu lita moja na nusu. Kwa juma la siku 6 ni zaidi ya lita 8. Trekta lenye tangi la lita 25 hunywa tangi zima kwa muda wa majuma matatu. Mwenye trekta basi hununua tangi jipya kila baada ya majuma matatu, lita moja moja, na kwa kuwa hulipa kidogo kidogo hajioni kuwa analipa. Sili ambayo ingezuia hasara hiyo, katika viungo vingi vya trekta dogo, haifikii bei ya lita chache za mafuta hayo.

Kwa nini basi sili hainunuliwi? Ni rahisi kumlaumu dereva kwa uzembe, na wapo madereva wazembe. Lakini anayetazama vizuri ataona kwamba lawama kubwa iko kwingine. Trekta nyingi za viungani zina tajiri anayekaa mbali na mchanga, na dereva ambaye kila jioni hupeleka hesabu. Hesabu hiyo haina siku ya gereji. Dereva akisema trekta linavuja, ataulizwa kama linatembea. Likiwa linatembea, basi na liende. Akilipeleka kwa fundi kwa hiari yake, siku imepotea na hesabu inadaiwa pale pale. Lita moja ya mafuta ataitoa katika posho yake bila ugomvi. Siku moja ya matengenezo hana mahali pa kuitoa. Kwa utaratibu wa namna hiyo kopo ndilo jibu la busara kabisa kwa dereva, na ndiyo maana mawaidha peke yake hayataliondoa.

Mafuta yanayorudishwa kutoka kwenye kopo hubeba mchanga laini wa Mbagala hadi ndani ya pampu. Pampu ya haidroliki imechongwa kwa nafasi nyembamba mno baina ya vyuma vyake, na mchanga huo huikwaruza kama msasa. Chuma cha silinda kinachoingia na kutoka nacho hupata michirizo, na kila sili mpya inayowekwa juu ya chuma chenye michirizo hukatwa katika muda mfupi. Hapo ndipo mwenye mali hulalamika kwamba sili za siku hizi ni bandia. Bandia zipo sokoni, hilo halikanushiki. Lakini sili halali nayo haiwezi kushinda chuma kilichopigwa kutu na mchanga.

Kuna pia desturi mbaya ya kutia mafuta yoyote yanayopatikana. Mafuta ya injini yaliyokwisha tumika hutiwa, na wengine hudiriki kutia mafuta ya breki. Sili nyingi za trekta zimetengenezwa kwa mpira unaostahimili mafuta ya petroli ya kulainishia. Mafuta ya breki ya magari ni ya asili nyingine, nayo huufanya mpira huo uvimbe na kulegea. Ni vivyo hivyo kwa pete zinazokatwa kutoka kwenye tyubu ya tairi. Mpira wa tyubu umekusudiwa kuzuia upepo. Ukikaa ndani ya mafuta huvimba, hupoteza umbo, na juma la pili kopo hurudi mahali pake.

Kutafuta mahali panapovuja nako hufanywa ovyo. Mafuta huteremka, na trekta likienda upepo huyasambaza. Kwa hiyo tone linaanguka mbali na tundu lake. Fundi mwangalifu huanza kwa kuosha sehemu yote kwa sabuni au mafuta ya taa na kuikausha. Kisha huwasha injini, hunyanyua na kushusha plau mara kadhaa, na hutazama unyevu wa kwanza unaanzia wapi, akifuata kutoka chini kwenda juu. Mara nyingi atakuta nati iliyolegea, na hapo pana mtego mwingine: nati ya mtambo huu ikikazwa kupita kiasi huponda kiungo, na uvujaji mdogo hugeuka mkubwa. Upo pia uvujaji usioacha hata doa. Plau iliyonyanyuliwa ikishuka polepole yenyewe ilhali ardhi ni kavu, mafuta yanapita ndani kwa ndani, kwenye sili ya pistoni au kwenye vali. Pampu ikilia na mafuta yakitoa povu, huenda ni mpira wa kuvutia mafuta unaonyonya hewa bila kumwaga hata tone. Matatizo kama hayo hayakingwi kwa kopo, na kuongeza mafuta hakuyagusi.

Jambo lisilofaa kupuuzwa hata kidogo ni mkono wa fundi. Mafuta katika mtambo wa trekta dogo husukumwa kwa nguvu inayoweza kufikia karibu mara mia ya upepo wa tairi la gari dogo. Yakitoka katika tundu dogo kama la sindano hayaonekani vizuri kwa macho, lakini hupenya ngozi. Kijana anayepapasa mpira kwa kiganja akitafuta penye unyevu anaweza kuchomwa na mafuta hayo, akaona alama ndogo isiyotoa hata damu, akaendelea na kazi. Mafuta yaliyoingia huharibu nyama kwa ndani. Jeraha hilo linahitaji daktari wa upasuaji saa ile ile. Akingoja hadi kesho anaweza kupoteza kidole au mkono. Kinachotakiwa kupitishwa penye mpira ni kipande cha boksi au cha ubao. Aliyechomwa apelekwe Hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala bila kukawia, na daktari aelezwe wazi kwamba ni mafuta ya mashine yaliyoingia kwa nguvu, kwa maana kwa kutazama tu jeraha hilo hufanana na mchomo wa mwiba. Kabla ya kufungua nati yoyote, plau ishushwe hadi chini, injini izimwe, na vishikio vichezwe mbele na nyuma ili nguvu iliyobaki ndani itoke. Kulala chini ya tela lililonyanyuliwa, likishikiliwa na mafuta peke yake, ni kuyakabidhi maisha kwa sili ile ile inayovuja.

Wapo watakaosema kwamba vipuri havipatikani. Hoja hiyo ina historia. Mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947, uliletewa matrekta mengi yaliyokuwa mabaki ya vita vikuu vya pili. Sehemu kubwa yaliharibika kabla ya kufyeka pori lililokusudiwa, na mwaka 1951 mpango wenyewe ulitupwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na matrekta mengi yalisimama yakingoja vifaa vya kuagiza. Kwa mpango wa Kilimo Kwanza, uliotangazwa mwaka 2009, yaliletwa matrekta ya India yaliyouzwa kupitia SUMA JKT. Mwaka 2017 Kibaha ilianza kuunganisha matrekta ya Ursus ya Poland, na mwaka 2021 kampuni hiyo ya Poland ilitangazwa kufilisika. Mkulima aliyenunua trekta lake ana haki ya kuuliza atapata wapi kifaa cha kampuni iliyofilisika.

Jibu kwa upande wa sili ni jema kuliko anavyodhani. Sili haiulizi jina la trekta. Hupimwa kwa kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, na mara nyingi vipimo hivyo vimechapwa usoni pake kwa milimita. Pete ya mpira hupimwa kwa kipenyo cha ndani na unene wa mpira wenyewe. Mwenye vipimo hivyo na kipimio cha kalipa aweza kwenda Gerezani au Kariakoo akapata sili ya mashine nyingine kabisa ikakaa sawasawa. Mipira ya nguvu nayo hutengenezwa hapa hapa mjini kwa urefu unaotakiwa, na vichwa vyake hubanwa kwa mashine. Hakuna sababu ya kufunga mpira uliopasuka kwa waya na kipande cha tyubu. Uhaba wa kweli uliopo ni wa daftari. Vipimo vya trekta havikuandikwa popote siku lilipokuwa zima, na siku likiharibika fundi hubeba mabaki ya sili iliyosagika, hana anachoweza kupima.

Hapa ndipo wanaotoa fedha wana wajibu wao. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wa Temeke au Kinondoni kinapoomba fedha za trekta, maombi yake yasipitishwe kama yana bei ya trekta peke yake. Yaonyeshe sili na mipira ya akiba, mafuta halali ya mwaka wa kwanza, na siku moja ya matengenezo katika kila mwezi ambayo haitadaiwa hesabu. Kituo cha VETA cha Chang'ombe kiko ndani ya Temeke yenyewe. Kijana wa kikundi atakayeendesha trekta angeweza kupelekwa huko kujifunza kabla ya fedha kutolewa, na gharama hiyo ikaingizwa katika mkopo.

Yako pia maji. Ardhi ya Mbagala na Kigamboni ni ya mchanga, na kaya nyingi hunywa maji ya visima. Mto Kizinga, unaopita Temeke, ndio unaoulisha mtambo wa maji wa Mtoni. Lita moja na nusu kwa siku kutoka kwa trekta moja huenda ikaonekana ndogo. Lakini mafuta yanayokosa kopo huzama mchangani, na mafuta machafu yanayomwagwa nyuma ya gereji husubiri masika yayafagie hadi bondeni. Serikali za mitaa, ambazo hufuatilia mwenye choo kinachotiririka, hazijaonekana kufuatilia maegesho ya matrekta, ingawa doa lake halifichiki.

Matajiri wa matrekta wanaweza kuanza kabla ya halmashauri kukaa kikao. Siku ya Jumapili, trekta likiwa limelala, tajiri mwenyewe afike, ainame, atazame chini ya mashine yake pamoja na dereva. Vipimo vya kila sili inayofikika viandikwe katika daftari litakalokaa chini ya kiti. Jumatatu trekta liende kwa fundi, na jioni ya Jumatatu hiyo dereva asiulizwe hesabu.